Kasuku Asiye na Tundu

Mwizi hapangi vitu. Hilo ndilo neno la kwanza Inspekta alilotamka alipoingia katika chumba cha kusomea cha Profesa, na alilitamka kwa sauti ili Koplo alisikie na kuliandika.

Kabati lilikuwa limeegemea ukuta ulioelekea dirishani. Lilikuwa la mbao nyeusi, na droo zake ndogo zilikuwa safu mbili, kumi na moja juu, kumi na moja chini. Kila droo ilibandikwa herufi moja ya Kiebrania. Zote zilikuwa zimesukumwa mpaka mwisho na kupanguswa vumbi, na zote zilikuwa tupu. Inspekta alivuta moja akapitisha kidole ndani. Safi kama sahani ya mgeni.

“Mharibifu angeziacha zimetapakaa sakafuni,” alisema. “Huyu ametoa kadi, amekwenda kuzichoma nje, halafu amerudi kupangusa. Andika hivyo, Koplo.”

Koplo, mzee aliyekuwa anahesabu miezi kabla ya kustaafu, aliandika polepole.

Profesa alikuwa anazunguka meza. Alikuwa mtu mrefu, shati limekosewa vifungo. Alikuwa amesafiri kwenda kwenye mkutano wa wataalamu, akarudi Jumapili jioni amechoka, na Jumatatu asubuhi alipofungua droo ya kwanza alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Majivu yalikutwa kwenye pipa la taka lililoko mpakani mwa bustani yake na ya jirani, na wapita njia waliuona moshi wake Jumamosi.

“Hebu nieleze tena,” Inspekta alisema. “Kwa maneno ya watu wa kawaida. Kadi zilikuwa za nini?”

“Za mizizi ya maneno.” Profesa alisimama. Alikuwa mtu anayependa kuulizwa swali, huzuni ikasogea kando kidogo. “Chukua pembe ya ng’ombe. Kiebrania ni keren, Kilatini ni kornu. Chukua gunia. Waebrania wanasema sak, Wagiriki sakos, na Ulaya nzima ikalibeba hilo. Divai ni yayin huku na vinum kule. Saba ni sheva huku, septem kule. Wengine wanasema ni bahati tu. Mimi nasema ni udugu. Kila kadi ilikuwa na neno moja la Kiebrania pamoja na ndugu zake wa Ulaya. Ujana wangu wote ulikuwa humo.”

“Hata sisi tunasema saba,” Koplo alisema.

“Sisi tumeazima kwa Waarabu, na Waarabu ni ndugu wa Waebrania. Hilo halina ubishi.”

“Aa,” Koplo alisema, kama mtu aliyenyang’anywa kitu alichokiokota.

“Funguo za kabati?” Inspekta aliuliza.

“Mbili tu. Mmoja nilikuwa nao safarini. Mwingine anao msaidizi wangu, ndiyo maana Mkuu wa Chuo amemsimamisha. Kadi ni mali ya chuo. Jioni hii atatia saini ya kumfukuza, kisha nyinyi mumpeleke mahakamani. Lakini mimi nasema mnamwonea. Aliyefanya hivi namjua.” Profesa alinyoosha kidole kwenye kabati. “Tazama. Kabati langu linaanzia kushoto. Alefu, herufi ya kwanza, hukaa hapa, na nyingine zinafuata kwenda kulia, maana kadi zenyewe niliziandika kwa herufi za Kizungu. Aliyerudisha droo ameanzia kulia! Amepanga kama Kiebrania kinavyosomwa. Katika chuo chetu ni mtu mmoja tu anayepanga kabati hivyo.”

“Nani?”

“Kanusho. Jirani yangu wa hapo ng’ambo ya pipa.”

Mlango ulisukumwa kwa kiwiko. Mke wa Profesa aliingia na sinia ya chai. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, kanga imefungwa sawasawa, uso hauna habari. Aliweka sinia, na mkono wake, bila yeye kuutazama, ukanyoosha rundo la majarida lililokuwa limepinda pembeni mwa meza.

“Dada, wewe unazisoma hizi herufi?” Inspekta alimuuliza.

“Mimi? Kwangu ni nyayo za kuku.”

Profesa alicheka, mara ya kwanza asubuhi hiyo. “Mke wangu na Kiebrania! Mwulize bei ya vitunguu, hapo utapata profesa.”

“Jumamosi ulikuwa wapi, dada?”

“Kwa dada yangu. Kutwa.” Alimimina vikombe vitatu, akageuza mikono ya vikombe yote ielekee upande mmoja, akatoka.

*

Msaidizi wa Profesa alikuwa ameruhusiwa kukaa na meza yake mpaka jioni. Inspekta alimkuta katika ofisi ndogo ya idara, anatia vitabu ndani ya katoni ya sabuni. Macho yalikuwa mekundu na kucha zimetafunwa mpaka nyama.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Kaa. Acha hiyo katoni, kaa. Jumamosi ulikuwa wapi?”

“Chumbani kwangu, nasahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza.”

“Nani alikuona?”

“Mitihani.”

Inspekta hakucheka. Msichana aliinamisha kichwa. “Samahani, mama. Hakuna aliyeniona.”

“Ufunguo uliwahi kumpa mtu?”

“Kamwe. Nilikuwa nalala nao.”

“Huko ni kujifunga kamba mwenyewe, unajua? Nasikia uligombana na Profesa kabla hajasafiri.”

“Tuligombana. Nilimwomba jina langu likae kwenye jalada la kitabu, chini ya lake, hata kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Akasema jalada halina nafasi. Kitabu kinene kama tofali, jalada halina nafasi!”

“Ukaona wivu.”

“Niliona. Nusu ya kadi zile nimeziandika mimi, na anayepigiwa makofi ni yeye. Lakini mama, fikiria. Mtu akinyimwa kumpa mtoto wake jina, humchoma mtoto?”

“Wapo,” Inspekta alisema. “Nimewafunga wawili.”

Msichana alipeleka kucha mdomoni.

“Droo za lile kabati zinaanzia wapi?”

“Kushoto.”

“Ukiambiwa uzirudishe gizani?”

“Kushoto vilevile. Sifikirii tena, mikono inajua yenyewe.”

Inspekta alilitafakari jibu hilo, kisha akabadilisha njia. “Mke wa Profesa mnapatana?”

“Zamani tulipatana. Alikuwa ananiita mpaka jikoni, ananiambia nimekonda. Sasa hanitaki. Huu ni mwezi namwamkia haitikii. Nasema shikamoo mama, ananipita kama mlango. Chai yangu inakuja haina sukari.”

“Kwa nini?”

“Wivu labda. Lakini wa nini? Tunafunga mlango kwa sababu redio ya jikoni ina kelele. Tunacheka kwa sababu Profesa ana utani. Hata mwezi uliopita alinivunja mbavu. Eti siku hizi nyumbani kwake kuna kasuku anayezungumza Kiebrania. Asubuhi, hata mkate haujakatwa, kasuku anamwamkia: boker tov, boker tov. Ndiyo ‘habari za asubuhi’ ya Waebrania. Akamwigiza na shingo, hivi.” Msichana alichomoa shingo na kupepesa macho, akakaribia kucheka tena. “Siku hiyo mlango ulikuwa wazi. Nakumbuka kwa sababu chai ilitukuta katikati ya kicheko.”

“Huyo kasuku wa rangi gani?”

“Sijawahi kumwona.”

“Hata tundu lake?”

“Hata tundu lake. Labda analala jikoni.”

Inspekta alisimama. Msichana naye akasimama, mikono imeshika katoni kama mtu aliyeshikilia boti.

“Mama, nikifukuzwa kwa kosa hili hakuna chuo kitakachonipokea. Baba aliuza kiwanja ili nisome.”

“Usifunge hiyo katoni,” Inspekta alisema. “Na uache kutafuna kucha. Majaji hawazipendi.”

*

Jirani aliitwa Kanusho na wanafunzi wake, kwa kuwa kila mhadhara aliuanza kwa kumkanusha mtu. Alikuwa mfupi, kipara kinang’aa, sweta mabegani. Alifungua mlango kabla haujagongwa.

“Nimewaona tangu asubuhi. Nikasema wanaanzia kwa mfiwa, watamalizia kwa mchawi. Karibuni.”

Sebuleni kwake palikuwa na kabati la kadi kama la Profesa, ila lilikuwa la chuma na limepinda mguu. Inspekta alilisogelea.

“Linaanzia kulia,” alisema.

“Kama Mungu alivyotaka.”

“Kama lilivyo sasa la jirani yako.”

“Ndiyo maana uko hapa, na ndiyo maana nimevaa viatu.”

“Majivu yamekutwa kwenye pipa lako.”

“Letu. Pipa ni la nyumba zote mbili, tumeshaligombania mpaka kwa Mkuu. Jumamosi niliona moshi, nikafunga dirisha na kumtukana jirani kwa kuchoma majani. Nilijua hayupo. Lakini kumtukana hakuhitaji awepo.”

Koplo alikohoa ili asicheke.

“Unamwonea wivu Profesa?” Inspekta aliuliza.

“Sana,” Kanusho alisema bila kupepesa. “Kwake wanafunzi wanajaa mpaka madirishani. Kwangu wanakuja wenye usingizi. Yeye anawaambia keren na kornu ni ndugu, wanapiga makofi. Mimi nawaambia hapana, wanapiga miayo. Kuna siku nilisimama nje ya darasa lake nikayahesabu makofi. Mtu mzima, nimesimama kwenye korido nahesabu makofi ya mwenzangu!”

“Basi ukachoma kadi.”

“Hapo ndipo unapokosea. Mwezi ujao alikuwa anazisoma hadharani, mbele ya wataalamu kutoka mbali, na mimi nimewekwa kuwa mpingaji. Nimejiandaa kwa siku hiyo kama bibi harusi. Ningemtandika kadi baada ya kadi. Sasa zimeungua, amekuwa mfiwa. Mfiwa hapingwi, hupewa pole. Aliyechoma kadi zile, Inspekta, ameniibia mimi.”

Inspekta alimtazama. Hasira ya mtu yule ilikuwa ya kweli, tena ilikuwa ya mwenye njaa aliyeona chungu kimemwagika.

“Kwani yeye anakosea wapi?”

“Kufanana si undugu. Wewe na mke wangu mna pua moja, lakini hamna babu mmoja. Lile gunia, sak, halikuzaliwa Ulaya. Lilivuka na wafanyabiashara likabaki, ni neno la kuazima. Pembe bado watu wanabishana, mimi nasema bahati. Ndugu wa kweli hutofautiana kwa mpango mmoja, neno baada ya neno. Kufanana peke yake ni ushahidi wa mvivu.”

“Basi nisaidie nisiwe mvivu.” Inspekta alitoa picha ya kabati aliyopiga asubuhi na kuiweka mezani. “Hili linafanana na lako. Ni ndugu?”

Kanusho alishusha miwani kutoka kwenye kipara. Alitazama safu ya juu, akatazama ya chini. Halafu akatabasamu, tabasamu baya la mwalimu aliyeona kosa.

“Si ndugu yangu huyu. Tazama. Droo ya nne safu ya juu, na droo ya tatu kutoka mwisho safu ya chini, zimekaliana viti. Hii inaitwa daleti, hii inaitwa reshi. Zinafanana. Daleti ina kona kali mgongoni, reshi mgongo wake umeviringika. Anayeanza kujifunza huzichanganya mwaka mzima. Mimi nikizichanganya, wanizike.”

“Na Profesa hakuliona hilo?”

“Aliona kulia na kushoto, akaniona mimi. Wivu wake nao si mdogo.”

“Chuoni nani anaanza kujifunza?”

“Hakuna. Darasa la wanaoanza lilikufa kwa kukosa watu. Tafuta mtu anayejifunza kwingine, kwa kitabu cha watoto, polepole, na hana wa kumsahihisha. Tena ajue usafi. Mimi droo zangu,” Kanusho alivuta moja, kombamwiko akatoka mbio, “kama unavyoona.”

*

Ndani ya gari Koplo alimenya karanga na kutikisa kichwa. “Afande, wahenga walisema kikulacho...”

“Wahenga hawana simu. Wewe unayo. Nipigie dada yake mke wa Profesa.”

Simu iliita mara kadhaa. Sauti ya mwanamke ikapokea, nyuma yake mtoto analia.

“Habari za mchana. Mimi ni Inspekta wa polisi, nilikuwa nauliza kuhusu dada yako.”

“Alikuwa hapa kwangu! Kutwa nzima. Tulikuwa tunaoka.”

“Siku gani?”

Mtoto alilia peke yake kwa muda.

“Hiyo siku... hiyo unayoiulizia.”

“Sijaiulizia siku bado, mama. Haya, mnyamazishe mtoto.”

*

Profesa alikuwa amekwenda chuoni kumsubiri Mkuu. Mkewe alikuwa peke yake, anakunja nguo sebuleni, mashati ya mume yamekaa kama yametoka dukani. Inspekta aliomba kuingia tena katika chumba cha kusomea, na akamwomba mwenye nyumba aje naye, kwa kuwa sheria haipendi polisi abaki peke yake na mali ya watu. Alipofika kwenye kabati alizichomoa droo zote ishirini na mbili. Alizimulika kwa tochi moja moja, upande wa chini na wa ndani, na kila aliyoimaliza aliitupa mezani juu ya wenzake bila mpango. Mwisho palikuwa na kichuguu. Mke wa Profesa alisimama karibu na mlango, vidole vinachezea pindo la kanga.

“Utaziacha hivyo?” aliuliza.

“Nitazirudisha. Ngoja nipige simu ofisini.”

Inspekta alitoka mpaka barazani. Alimwambia Koplo amfuate Mkuu wa Chuo haraka, amwambie asitie saini karatasi yoyote kabla hajazungumza naye. Kisha akasimama akatazama bustani. Palikuwa na kamba ya nguo, ndoo, ufagio. Alizunguka nyumba mpaka dirisha la jikoni, akachungulia. Sufuria zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa. Hakukuwa na ndege, punje ya mtama, wala nyoya.

Aliporudi chumbani, meza ilikuwa tupu. Droo zote zilikuwa kabatini, zimesukumwa mpaka mwisho, na mwanamke alikuwa anapangusa meza kwa ncha ya kanga.

“Ahsante,” Inspekta alisema. “Umenisaidia kweli.”

“Siwezi kukaa na vurugu.”

“Nami nilizaliwa hivyohivyo. Wanangu wananiita fagio.” Inspekta alivuta kiti akaketi. Alitoa picha ya asubuhi, akaiweka mezani, karibu na kabati. “Umeanzia kulia, dada.”

“Nimeweka tu zilivyokuja.”

“Mtu akiweka zilivyokuja, zinakuja ovyo. Hizi zimekuja zote kwa mpangilio, juu na chini. Isipokuwa mbili. Ya nne pale, na ya tatu kutoka mwisho pale. Mbili zilezile zilizokosewa Jumamosi. Nyayo za kuku hazipangiki namna hii.”

Mke wa Profesa alitazama picha. Alitazama kabati. Mkono wake uliokuwa unapangusa ulisimama.

“Dada yangu amesema nini?”

“Alikutetea kabla sijauliza. Anakupenda, lakini hajui kudanganya.” Inspekta aliigeuza picha kifudifudi. “Kasuku yuko wapi?”

Mwanamke alikaa, si kwenye kiti, bali kwenye ukingo wa meza aliyotoka kuipangusa.

“Nani amekwambia habari ya kasuku?”

“Yule msichana. Mpaka leo anadhani ni ndege.”

“Anadhani ni...” Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. “Basi hata yeye hakujua anacheka nini.”

“Ulijifunza wapi?”

“Kwa mwalimu mmoja mstaafu wa seminari. Kila Jumatano, mwaka mzima. Mume wangu akidhani niko kwenye kikundi cha ushonaji. Kitabu chenyewe cha watoto, kina picha ya nyumba na punda. Mimi nina stashahada yangu, Inspekta, si mjinga. Nikakaa nikachora daleti na reshi kama mtoto wa shule. Unajua nilitaka nini? Nilitaka siku moja waketi hapa, wafungue mdomo, na mimi nikiingia na chai nielewe. Basi. Sikutaka wanipe hata kiti.”

“Ukaanza na salamu.”

“Mtu huanza na salamu. Asubuhi, mezani. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni. Akaniangalia, akasema, ‘Kasuku mzuri! Umesikiliza mlangoni?’ Akaendelea kupaka siagi mkate wake. Hapo haikuniuma sana, nilisema atazoea. Iliniuma nilipoingia na sinia nikamkuta anaigiza shingo yangu, na yule binti machozi yanamtoka kwa kucheka.”

“Ukaanza kumnyima sukari.”

“Nilidhani ndiye mke mwenza wangu. Nikamchunguza nguo, viatu, mpaka kucha. Hana lolote, mtoto wa watu anatafuta jina. Kumbe mke mwenza ni huyu hapa.” Alilipiga kabati kofi, droo zikagonga. “Akirudi safari anamgusa huyu kwanza. Akiumwa anamuulizia huyu. Mimi nimemzalia watoto watatu, hawamjui babu yao mzaa mama, lakini babu wa neno gunia anajulikana! Basi Jumamosi nikasema leo mmoja wetu anatoka.”

“Ufunguo?”

“Suruali zake nazifua mimi. Nilichonga wa kwangu zamani, hata sikuwa na nia. Mfua suruali ana funguo zote za nyumba.”

“Na binti wa watu angefungwa.”

“Sikumtaja.”

“Hukumtaja. Hukumtoa pia. Baba yake aliuza kiwanja.”

“Hilo sikulijua,” alisema. Baadaye kidogo akasema, “Ningelijua labda ningechoma tu. Sitakudanganya.”

Ubao wa sakafu ulilia nyuma yao. Profesa alikuwa amesimama mlangoni, Koplo nyuma yake anahema, karanga bado mkononi.

“Mkuu hajatia saini, afande,” Koplo alisema. “Nilimkuta Profesa hukohuko, akataka kuja.”

Haikujulikana Profesa alikuwa amesimama pale tangu lini. Aliingia, akapita katikati ya wanawake wawili, akasimama mbele ya kabati. Alitazama safu ya juu, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha ya chini. Alivuta droo ya nne. Akavuta ya tatu kutoka mwisho. Akazibadilisha.

“Hii ndiyo daleti,” alisema kwa sauti ya darasani. “Hii ndiyo reshi. Kila anayeanza hukosea hapo.”

Koplo aliziweka karanga mfukoni.

Mke wa Profesa aliinuka. Alijitanda kanga vizuri, akapangusa meza pale alipokuwa amekaa. “Umeona, Inspekta?” alisema. “Twende. Chakula kiko jikoni kimefunikwa, apashe moto mwenyewe.”

Inspekta alimshika mkono, si kwa nguvu. Walipofika mlangoni mwanamke alisimama, akageuka.

“Na ile salamu ya asubuhi?” alimuuliza mumewe. “Niliikosea wapi?”

Profesa alikuwa bado ameshika vishikio vya droo mbili. Alipojibu hakuwa tena na sauti ya darasani.

“Hukukosea,” alisema.

“Basi ungeitikia.”